Stelingi hafi: tuendelee kuyaandika?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Mimi na mdogo wangu tumefungua daftari la mambo yanayojirudia kwenye filamu, tamthilia na riwaya: stelingi hapatwi na risasi, gari linagoma kuwaka adui akikaribia, pacha aliyepotea anaibuka siku ya harusi. Kurasa zimejaa lakini hatuoni tumepata nini, na mdogo wangu analalamika kwamba tunajiharibia utamu. Tuendelee?

JIBU: Marahaba. Endeleeni, tena kwa bidii, ila badilisheni namna mnavyoandika.

Kazi hii ina wakongwe wake. Mwaka 1910 Mfini Antti Aarne alitoa orodha ya aina za hadithi za ngano. Mmarekani Stith Thompson akaipanua mwaka 1928 na tena 1961, kisha Mjerumani Hans-Jörg Uther akaipanga upya mwaka 2004. Humo kila aina ina namba yake. Binti anayeteswa na mama wa kambo, halafu akatambuliwa kwa kiatu, ni 510A. Ukiwa na namba hiyo unaweza kuweka pamoja masimulizi ya lugha zisizohusiana kabisa ukaona kilichobaki na kilichogeuzwa.

Ninayempenda zaidi, hata hivyo, ni Mrusi Vladimir Propp. Katika utafiti wake wa mwaka 1928 aligundua jambo hili: mfalme anampa shujaa tai, tai anambeba hadi ufalme mwingine. Kwingine mzee anatoa farasi, mchawi anatoa mashua, au binti mfalme anatoa pete na vijana wanachomoza ndani yake kumbeba shujaa. Watoaji ni tofauti na vitu ni tofauti, ila tendo ni lile lile: shujaa anapewa kitu, kitu kinamfikisha. Akapata matendo 31 ya namna hiyo. Si yote yanayotokea katika kila ngano, lakini yanayotokea hufuatana kwa mpangilio ule ule.

Sasa rudini kwenye daftari. Gari kugoma, simu kukosa mtandao, ufunguo kuponyoka mkononi: mmeviandika mbalimbali, kumbe vyote vinamfungia mtu njia ya kuokoka. Viwekeni ukurasa mmoja.

Chukueni pia kikohozi, maana naona mmekisahau. Mtu akikohoa kwenye filamu, akatazama kitambaa, kisha akakificha haraka mwanawe asikione, sote tunajua hafiki mwisho. Maishani watu wanakohoa na kupona. Mwandishi wa filamu ana saa moja na nusu tu, hana nafasi ya kikohozi cha bure, na sisi watazamaji tumeshazoea kwamba tunachoonyeshwa kitatumika. Kwa hiyo msiandike "kikohozi" mkaishia hapo. Andikeni kilitokea hadithi ikiwa imefika wapi, nani alikiona, ninyi mlianza kutarajia nini, na mwishowe ikawa nini.

Hilo la mwisho ndilo orodha nyingi huliacha, na ndiko utamu uliko. Mwandishi hodari anajua kwamba mnajua. Atamkohoza mama, mwanawe aache safari zake zote ili amuuguze, halafu aliyezikwa ni yule mwana. Pigo hilo linampata vizuri yule aliyekuwa akitarajia. Asiyezoea hadithi ataona kifo tu.

Mdogo wako ana haki upande mmoja: msiandike huku mnatazama. Hadithi iishe kwanza, mlie kama kuna kulia, kisha ndipo kalamu. Na msimcheke mwandishi kwa sababu tu ametumia kitu kilichotumika. Kujirudia si kosa. Wasimuliaji wa ngano wameishi kwa huko.

Huyo pacha wenu naye asikae peke yake. Muungeni na mke aliyedhaniwa kafa na barua iliyochelewa kufika. Wote wanaisubiri siku ambayo ukoo mzima umekaa na hakuna awezaye kunyanyuka aondoke, ndipo siri itolewe. Anzeni na ukurasa huo, na mumpe mdogo wako atafute harusi ambayo pacha alitarajiwa asitokee.