Hilo gugu la "meno" meupe kwenye kabichi: si kishona nguo

Mkuu, umeuliza kama hilo gugu kwenye picha yako ni kishona nguo, na kama ni kweli huko Amerika ya Kusini wanalila. La kwanza hapana, la pili ndiyo. Hiyo naona ni Galinsoga parviflora, mmea wa milima ya Andes, familia moja na alizeti. Mimi nalima kabichi na karoti Lushoto, nimeling'oa hadi magoti yakaota sugu.

Chuma kichwa kimoja cha ua ukiweke juu ya ukucha wa dole gumba. Kinaenea na nafasi inabaki. Unachokiona kama ua moja ni maua mengi: katikati vijiua vya njano vimesongamana, pembeni vijiua vyeupe, mara nyingi vitano, vimeachana kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Kila kimoja kina ncha tatu mwishoni. Majani yanakaa mawili mawili yakitazamana, kingo zina misumeno midogo, na mishipa mitatu inaanzia karibu na kikonyo.

Mbegu ndiyo inayomaliza ubishi. Ya kishona nguo ni ndefu, ina miiba ya kunasa kwenye suruali. Hii ni nyeusi, fupi, na juu imevaa magamba meupe yenye nyuzinyuzi. Halafu hazina usingizi: zikidondoka juu ya udongo wenye unyevu na mwanga, zinaota. Ukizifukia chini zinatulia.

Kosa langu la mwaka wa kwanza: niliyang'oa yakiwa na maua, nikayalaza kwenye matuta. Mvua ikanyesha usiku, shina likatoa mizizi kwenye vifundo, na vichwa vikaendelea kukomaa palepale. Nilipalilia upya shamba zima.

Kuhusu kula: Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, wanayaita guascas, wanayakausha na kuyatia kwenye ajiaco, supu ya kuku, viazi na mahindi. Mimi nilichemsha majani machanga na kitunguu. Yanalika, ila mama watoto alisema mchicha bado haujaisha sokoni.

Angalizo moja. Lina ndugu, Galinsoga quadriradiata, mwenye manyoya marefu yaliyosimama kwenye shina. Hili letu shina lake karibu laini. Picha yako imepigwa kwa juu. Piga picha ya shina kwa karibu, kukiwa na jua, tuone ni yupi.