Diski nilibeba, daftari nililiacha Goma: bakapu ya seva ya bakapu

Mdogo wangu unayeanza kazi ya kutunza seva, nikuulize swali ambalo mimi sikuulizwa siku yangu ya kwanza: ile mashine inayotunza nakala za mashine zote, nakala yake yenyewe iko wapi? Ukinijibu kwamba iko humo humo ndani, karibu sana. Hata mimi ndivyo nilivyokuwa nikijibu, hadi mwezi wa tano wa 2021.

Tuelewane maneno kwanza. Sisi tuliosomea Goma, mashariki mwa Kongo, huwa tunasema "sauvegarde", kwa sababu mambo ya mashine tulifundishwa kwa Kifaransa. Hapa nitasema bakapu, ili hata msomaji wa Mwanza au Mombasa asipotee. Kile ambacho mafundi huita katalogi nitakiita faharasa, maana kazi yake ni ile ile ya faharasa nyuma ya kitabu. Na mfano wangu utakuwa Bacula, programu huria ambayo Kern Sibbald alianza kuiandika mwaka 2000, kwa kuwa ndiyo iliyonitoa jasho. Ukiwa na nyingine amri zitakuwa tofauti, lakini shimo ni lile lile.

Bacula ina sehemu tatu zinazokuhusu hapa. Kuna direkta, anayetoa amri. Kuna programu ya ghala, inayoandika kwenye diski au tepu. Na kuna programu ndogo inayokaa kwenye kila mashine inayolindwa. Data inaingia kwenye faili kubwa ziitwazo volumu. Humo ndani hakuna folda. Vitu vinafuatana kama vilivyofika usiku ule: kipande cha mashine ya kaunta, kipande cha mhasibu, halafu tena kaunta. Kujua kwamba daftari la mikopo la tarehe fulani liko volumu fulani, sehemu fulani, hiyo ni kazi ya faharasa, na faharasa inakaa kwenye hifadhidata, kwetu PostgreSQL. Majina ya faili yamo pia ndani ya volumu, ila yametawanyika katikati ya data, na ukiyataka bila faharasa sharti uisome volumu yote tangu mwanzo. Fikiria ghala la mahindi la Birere, mtaa wa biashara wa Goma, lenye magunia elfu yasiyo na alama, na mwenye daftari kasafiri.

Sasa nikusimulie. Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni, mlima wa volkano wa Nyiragongo ulilipuka. Mbingu ikawa nyekundu, lava ikashuka hadi Buhene, karibu na uwanja wa ndege, ikasimama. Tulidhani yameisha. Lakini siku zilizofuata ardhi iliendelea kutetemeka, barabara zikapasuka, na alfajiri ya Alhamisi tarehe 27 gavana wa kijeshi akatangaza kwamba kartie (mitaa) 10 kati ya 18 za mji zihame. Wengine walishika njia ya Sake, wengine wakavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, sisi tukapata nafasi kwenye boti ya Bukavu. Wazee wa ofisi waliokumbuka Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji hadi ziwani, walibeba vyeti, magodoro na masufuria. Mimi nilibeba diski ya bakapu kwenye mkoba wa mgongoni, nikaikumbatia njia nzima kama mtoto mchanga. Nilifanya kazi kwenye shirika dogo la akiba na mikopo. Kwenye diski ile kulikuwa na salio za wanachama wote.

Bukavu tulipewa chumba kimoja Ibanda na kompyuta moja isiyo na kitu. Nikaweka Bacula, nikachomeka diski, nikaona volumu zangu zote zimepangika vizuri. Na hapo ndipo damu iliponiganda. Miezi kadhaa nyuma, kwa kujifanya mpangaji mzuri, nilikuwa nimeitenga bakapu ya faharasa "isichanganyike na data za watu". Niliielekeza kwenye diski ya ndani ya seva yenyewe. Seva ilikuwa Goma, nyuma ya mlango nilioufunga kwa mkono wangu.

Kosa hili si la kijinga kama linavyosikika. Ukiangalia kwa makini, faharasa ina tatizo ambalo faili nyingine haina: haiwezi kujiandika yenyewe. Katika mipangilio inayokuja na Bacula, kazi za kawaida (kila bakapu ya mashine moja huitwa kazi) huanza saa 5:05 usiku, na kazi iitwayo BackupCatalog saa 5:10. Kazi hiyo imepewa kipaumbele 11 wakati nyingine zina 10, maana yake isubiri zote zimalizike, ili nakala ya faharasa ijue na yaliyofanyika usiku huo huo. Sawa. Lakini nakala hiyo inachukuliwa kabla kazi yenyewe haijaisha, kwa hiyo haijui imewekwa wapi. Hata ningekuwa nayo kwenye mkoba, swali lingebaki: iko volumu ipi, sehemu ipi? Ufunguo uko ndani ya sanduku ulilolifunga.

Bacula ina jibu la fumbo hili, na ni dogo ajabu. Ukiandika mstari wa Write Bootstrap kwenye mipangilio ya kazi, mwisho wa kazi hutoka kifaili chenye mwisho wa .bsr, mistari michache tu: jina la volumu, namba na saa ya kikao, mahali ndani ya volumu. Mimi hukiita kikaratasi cha njia. Ukiwa nacho, amri ya bextract inakwenda moja kwa moja hadi kwenye nakala ya faharasa, bila direkta, bila hifadhidata. Inataka faili ya mipangilio ya programu ya ghala, basi. Kikaratasi changu nacho kilikuwa Goma, pembeni ya faharasa. Vyote viwili vililala pamoja.

Nilichobakiza ni bscan. Hiyo ni amri inayosoma volumu tangu mwanzo hadi mwisho na kuijenga faharasa upya. Ukiipa -s inaandika kwenye hifadhidata, ukiipa -m inasahihisha na taarifa za volumu zenyewe. Ni mkombozi, lakini mkombozi anayetembea kwa miguu. Diski yetu ilikuwa ya kuchomeka kwa USB, umeme ulikuwa unakuja na kwenda, na kila ulipokatika nilianza tena ile volumu niliyokuwa naisoma. Tena huwezi kuipa volumu moja moja ovyo ovyo: kazi iliyoanzia volumu ya 11 na kuishia ya 12 inataka uzitaje zote mbili pamoja, kwa mpangilio wake. Hilo nililijua baada ya usiku wa kwanza kupotea.

Usiku wa pili akaja fundi mmoja wa Bukavu, mtu mzima, tuliyekuwa tunamwita yaya, yaani kaka mkubwa. Akatazama skrini, akauliza meneja anataka nini hasa. Nikamwambia, kesho asubuhi anataka salio za wanachama, kwa sababu watu waliokimbia wanahitaji pesa zao. Akacheka kwa upole.

"Sasa mdogo wangu, wewe unachota ziwa lote kwa kikombe kisa pete moja?"

Akanionyesha bls. Amri hiyo, ukiipa -j, inaorodhesha kazi zilizomo kwenye volumu. Tukaanza na volumu yenye tarehe ya karibuni, tukaona kazi ya mashine ya mhasibu ya usiku wa tarehe 26, tukatumia bextract kutoa folda ile moja. Kabla jogoo hajawika salio zilikuwa mezani. Kwa hiyo ukikumbwa, usianze kujenga faharasa. Uliza kwanza ni faili gani inayoliliwa, itoe hiyo, halafu ndipo ukae na bscan kwa utulivu.

Utulivu wenyewe nao nusura uniponze. bscan ilipomaliza nilimwasha direkta nikiwa na furaha, nikaruhusu bakapu ya usiku iende. Asubuhi, kazi zote za Machi na nyuma yake hazikuwa na orodha ya faili. Nini kilitokea? Bacula ina muda wa kutunza kumbukumbu: usipoandika chochote, faili ni siku 60, kazi ni siku 180, volumu ni siku 365. bscan inarudisha kazi zikiwa na tarehe zake za zamani. Direkta, mara tu kazi mpya ya mashine ile ilipokwisha, aliona kumbukumbu zilizopita siku 60 akazipogoa kama kawaida yake. Data ilikuwa bado ipo kwenye volumu. Orodha ndiyo iliyokatwa. Kibaya zaidi kingekuwa volumu iliyopitisha siku zake kuhesabiwa kuwa huru na kuandikwa juu. Tangu siku hiyo, kabla sijamwacha direkta afanye kazi yoyote mpya, nazima AutoPrune, yaani huko kupogoa kwa kujiendesha, narefusha muda wa kutunza, na kila volumu ya zamani naipa hali ya Read-Only, ya kusomwa tu. Na kama kuna diski ya pili, naikopi ya kwanza na kufanya majaribio yote kwenye kopi.

Leo mpangilio wangu hauna ufundi mkubwa. Nakala ya faharasa inakwenda kwenye diski zile zile zenye data, ili anayebeba moja abebe zote. Kikaratasi cha njia hakiandikwi tena kwenye seva tu. Write Bootstrap inakubali pia kupeleka matokeo kwa amri nyingine, kwa hiyo kila usiku kinatumwa kwa barua pepe kwenye anwani mbili zilizo nje ya ofisi. Ni herufi chache, hata intaneti yetu mbovu kabisa inazimudu. Juu ya hayo, dampo ya hifadhidata, yaani nakala yake nzima iliyotolewa kwa amri ya pg_dump na kubanwa, inasafirishwa hadi mashine moja ya Bukavu. Vijana wengine hukopi folda ya PostgreSQL ikiwa inaendelea kufanya kazi, wakidhani ni sawa. Si sawa: unapata kurasa za saa tofauti, na siku ya kuifungua inakataa. pg_dump inakupa picha ya dakika moja hata kama watu wanaendelea kuandika.

Faharasa peke yake haitoshi. Folda ya mipangilio nayo inakwenda, maana ndimo yalimo manenosiri ambayo direkta, ghala na mashine hutambuana kwayo. Kama mnafunga data kwa siri kwenye mashine kabla haijatoka, funguo nazo ziwe na nakala nje, la sivyo utarejesha takataka nzuri sana isiyosomeka. Andika na toleo la Bacula ulilonalo. Hifadhidata ina namba yake ya toleo, na direkta akikuta namba asiyoitarajia anagoma kuwaka hadi uisasishe.

Jambo moja linalowapata hasa sisi wa nchi za Kifaransa. Hifadhidata ya Bacula kwenye PostgreSQL inatakiwa iundwe kwa usimbaji (namna ya kuhifadhi herufi) wa SQL_ASCII. Skripti yake ya create_bacula_database inafanya hivyo yenyewe. Fundi mwenye haraka huunda hifadhidata kwa mkono, inatoka UTF8, na kila kitu kinakwenda vizuri mpaka inapofika folda ya zamani iliyoandikwa "Comptabilité" kwenye kompyuta ya miaka hiyo, yenye ile é ya usimbaji mwingine. Hapo hifadhidata inakataa jina, na wewe unabaki unajiuliza kwa nini folda ya mhasibu tu. Tumia skripti.

Kila miezi mitatu tunafanya zoezi. Mtu mmoja, na asiwe mimi, anapewa kompyuta tupu, diski, kikaratasi kutoka barua pepe, na bahasha ya karatasi yenye hatua. Haruhusiwi kunipigia simu. Anaweka toleo lile lile, anarudisha mipangilio ya ghala, anatoa dampo kwa bextract, anaunda hifadhidata tupu, anaimwaga dampo ndani kwa psql, amri ya PostgreSQL, anaangalia AutoPrune imezimwa, ndipo anamwasha direkta na kurejesha faili moja atakayochagua meneja. Mara ya kwanza yalichukua siku nzima. Mara ya mwisho dada mmoja aliyeanza kazi mwaka huu alimaliza kabla ya chakula cha mchana, isipokuwa alikwama nusu saa kwenye hatua ya pili: bahasha ilitaja njia ya diski iliyokuwa sahihi kabla hatujanunua diski mpya. Alikata mstari ule kwa kalamu nyekundu, akaandika njia mpya na tarehe, akanirudishia bahasha bila kusema neno.