Fundi, diski ya harusi haisomi kwa jirani

SWALI: Shikamoo fundi, mi niko Mikindani, nilipewa deki ya DVD inayorekodi nikahamishia mkanda wa VHS wa harusi ya mama, kwangu inacheza fresh ila kwa jirani inagoma kabisa, au nimeuziwa diski feki?

JIBU: Marahaba mwanangu. Diski haina kosa, hujaifunga tu. Leza ikishamaliza kuchoma picha bado inatakiwa uingie kwenye menyu uchague fainalaizi, hapo ndo deki inaandika ile orodha ya vilivyomo kwenye diski ambayo mashine zingine zinaitafuta, inakula dakika kadhaa na usizime katikati (omba Mungu umeme usikatike, si unajua mambo yetu ya kusini). Sasa kama ni DVD-R ukishafunga huongezi kitu tena, DVD-RW unaifuta unarekodi upya.

Na muda je, uliweka ngapi? Diski ya GB 4.7 ukichagua kiwango cha ubora cha SP kwenye deki inabeba masaa 2, XP saa 1 picha kali, EP masaa 6 lakini sura za watu zinakuwa vibokisi vibokisi, mi harusi siwezi kuirekodi hivyo hata unilipe.

Ukitaka kurekodi TV, tyuna za deki nyingi za zamani ni za analogi kwahiyo hazishiki kitu siku hizi, chomeka waya za njano, nyeupe na nyekundu toka kwenye king'amuzi, halafu mwambie mtu asiguse rimoti maana akibadili chaneli unarekodi alichoweka yeye.