Muulize Mjomba: Comanche zangu zinatunguliwa

SWALI: Shikamoo Mjomba. Nacheza mchezo wa kompyuta wa vita, Command & Conquer: Generals, nyongeza ya Zero Hour, kwa jenerali wa anga wa Marekani. Helikopta zangu za Comanche hazionekani, lakini zikifika kwa GLA, upande wa waasi kwenye mchezo, zinatunguliwa zote. Nakosea wapi? Na helikopta hii ilikuwepo kweli? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Comanche hujificha mpaka inapofyatua. Risasi ya kwanza tu, imeonekana, na lile gari la GLA lenye mizinga minne linaimaliza upesi. Mimi huitanguliza moja peke yake, naiweka ukingoni mwa kambi ya adui na kuizuia isipige. Nikishajua mizinga imekaa wapi, vikosi vya ardhini vinaingia kuisafisha, ndipo helikopta nyingine zifuate. Usizipeleke zote kwa mkupuo, tafadhali.

Ilikuwepo, naam. Comanche halisi, RAH-66, iliundwa na Boeing na Sikorsky, ikaruka mara ya kwanza Januari 1996. Makombora yalifichwa tumboni, magurudumu yakakunjwa ndani, na rota ya mkiani ikazungushiwa ukuta, yote ili rada isiione kirahisi. Kazi yake kubwa ilikuwa kuona na kutoa taarifa, ichukue nafasi ya helikopta za Kiowa zilizozeeka. Mchezo ulitoka 2003. Februari 2004 jeshi la Marekani likaufuta mradi wa Comanche, baada ya karibu dola bilioni 7 na helikopta mbili tu za majaribio. Inaniuma mpaka leo. Zote mbili zimehifadhiwa makumbusho, Alabama.