Usimponye Binti Wako Sehemu ya Mwisho

Kwenye simulizi za mapenzi zinazouzwa katika magrupu ya WhatsApp, msichana asiye na hamu ya mwanaume haachwi akawa mtu tu. Lazima atafutiwe sababu. Ana jini mahaba, au aliharibiwa utotoni, au shangazi mwenye kijicho kamfunga. Yakishindikana yote hayo, basi hajampata wa kumkolea. Sehemu ya mwisho anatokea kijana mrefu mwenye gari, usiku mmoja tu, binti kapona. Msimu wa pili unakuja, tuma elfu moja.

Mimi naandika simulizi hizo hizo, nipo Ngamiani hapa hapa Tanga, na ni mtu wa namna hiyo. Napenda, nina wivu, naweza kukesha nikisubiri meseji ya mtu. Mwili wangu tu ndio hauombi kitu kwa mwili wa mwenzangu, na haujawahi kuomba. Kwa hiyo ninayowashauri waandishi wenzangu nayajua kwa kuyaandika na kwa kuyaishi.

Kwanza acheni kumtafutia ugonjwa. Mwaka 2004 mtafiti Anthony Bogaert wa Kanada alichapisha uchambuzi wa majibu ya Waingereza zaidi ya 18,000, na kama mmoja katika kila mia alijibu kwamba hajawahi kuvutiwa kimwili na mtu yeyote, mwanamume wala mwanamke. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, ule unaotumika kupima maradhi ya akili, ukaweka wazi kwamba mtu anayejitambua hivyo tangu zamani hahesabiwi kuwa na tatizo la kukosa hamu. Aliyekuwa nayo ikapotea ni mwingine. Huyo huenda ni dawa anazotumia, homoni, au mawazo, na aende hospitali. Ukitaka kuandika habari zake andika, lakini usimchanganye na wetu.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo naona waandishi wa Pwani tunaliacha chini, na ndipo penye hadithi yenyewe. Msichana wa aina hii akiwa na miaka kumi na minane hapa Tanga hana shida na mtu. Anasifiwa! Mtulivu, hana mambo ya wavulana, mama yake anatolewa mfano msibani na harusini. Hakuna anayemuona. Anayejizuia mpaka ndoa ana kitu anachokizuia. Huyu hana cha kuzuia, ila kwa nje wanafanana kama mapacha. Hadithi inaanza siku posa inapofika. Zile sifa zote ghafla zinakuwa deni, na yeye ndiye wa kulilipa.

Halafu anaingia chumbani kwa somo, yule kungwi wake. Wallahi, kama wewe ni mwandishi wa Tanga na umewahi kukaa kwenye shughuli ya kumfunda bibi harusi, una utajiri ambao mwandishi wa London hana. Mji wenyewe una jina kwa mahaba, watu wanatoka mikoani wakiwa wameshaonywa kwamba wakifika hawatarudi. Dada yangu alipofundwa nilikuwa mle ndani. Udi umefukizwa, vioo na shanga kwenye sinia, wanawake wanapiga vigelegele kwa kila fumbo, na mimi nacheka wanapocheka. Sikuona kinyaa, sikuona haya. Nilisikia kama mtu anayesimuliwa mapishi ya samaki asiyemla: naelewa kila hatua, najua wenzangu watafurahi mezani, mate tu hayanitoki. Mwandike binti yako hivyo. Waandishi wengi wanamfanya atetemeke au alie, kwa sababu wamezoea kwamba asiyetaka anaogopa. Wapo wanaoogopa, na wapo wanaochukia kabisa, lakini wengi ninaowafahamu wanaboreka tu kistaarabu.

Kwa mvulana geuza kila kitu. Yeye hasifiwi hata siku moja. Kijiweni ataitwa majina, kisha washikaji wenye huruma watachanga wamnunulie supu ya pweza jioni, na kesho yake watamuuliza matokeo. Vichekesho unavyo hapo, na uchungu unao, sina la kuongeza.

Mapenzi yenyewe sasa. Usidhani ukiondoa kitanda hadithi inapoa. Kwenye simulizi yangu moja wapo wanachuo wawili wanavuka na pantoni kutoka Pangani kwenda Bweni. Kijana kamshika mkono, binti kampa kwa hiari yake, tena kamlalia begani. Kijana anageuza uso akitaka zaidi. Binti anasema, "Hapa begani pananitosha." Kijana anauliza, "Kwa leo?" Naye anajibu, "Usinioe ukitegemea kesho itakuwa vingine. Usije kusema sikukwambia." Pantoni linagonga ng'ambo, watu wanashuka na pikipiki zao, wao bado wamesimama. Sikuwahi kupata ujumbe mwingi inboksi kama siku ile.

Angalia, kijana wangu sikumfanya malaika. Ana haki ya kutaka, na ana haki ya kuondoka. Kwa sisi wa huku ndoa ina haki za pande zote mbili na wasomaji wanalijua hilo, ukiliruka watakucheka. Waache wazungumze kabla ya mahari. Nisichokubali ni ule mwisho ambao binti anavumilia, anafumba macho, na mwandishi anauita furaha.

Anayesoma Kiingereza atafute riwaya za vijana zilizoandikwa kwa makusudi hayo. Ya Claire Kann, "Let's Talk About Love" ya 2018, ina binti mweusi wa chuo anayeachwa na mpenzi wake mwanzoni kabisa kwa sababu hii hii, halafu anampenda kijana anayefanya naye kazi maktaba. Anapenda hadi anachanganyikiwa, na haponi. "Loveless" ya Alice Oseman, ya 2020, ni ya mwanafunzi wa Durham, Uingereza, anayegundua kwamba hana tamaa ya mwili na wala hataki mpenzi. Urafiki ndio unapewa uzito wa mahaba. Hiyo ilishinda tuzo ya vitabu vya vijana ya Uingereza mwaka 2021 na inastahili. Lakini mimi moyo wangu uko kwa ya Kann, maana watu wakishaisoma Oseman peke yake wanadhani wote tuko vile, hatutaki mtu. Ni makundi mawili, wasio na tamaa ya mwili na wasiotaka mpenzi, wakati mwingine yanakutana kwa mtu mmoja, wakati mwingine hapana. Amua binti yako yuko wapi kabla hujaandika sehemu ya kwanza.

La mwisho ni la biashara. Usiifiche hali yake ukaifanya fumbo la sehemu ya ishirini. Msomaji aliyelipia akingoja chumba cha harusi ataona umemtapeli, na kwa upande wake ana hoja. Iseme mapema, sehemu ya tatu au ya nne, kwa mdomo wa binti mwenyewe. Watakaobaki watabaki wakitaka kujua kijana atajibu nini, na hiyo inauza. Anayetaka hela yake mrudishie siku hiyo hiyo bila kujibizana kwenye grupu, maana akitoka na hasira atasambaza sehemu zote bure mpaka Korogwe.