Nyumba ya kupanga kwa kipato kidogo

Pole ndugu, umesema mko wanne, kipato chenyewe cha kuungaunga na kila nyumba unayoulizia kodi inakushinda. Mimi nisingeanza na kodi, ningeanza na nauli, maana watu wanakimbilia pembezoni mwa mji wakiona bei iko chini halafu mwisho wa mwezi wanakuta kodi na nauli ya kwenda kazini na shule vikijumlishwa ni zaidi ya chumba cha karibu. Wengi wanasema kodi isizidi theluthi ya kipato, ila kwa mwenye kipato kidogo hata hiyo theluthi inauma, kinachobaki hakitoshi, so piga hesabu yako mwenyewe.

Madalali sawa, ila nyumba nafuu nyingi hazifiki kwao, zinaishia kwa majirani, kwa hiyo chagua mtaa utembee kwa mguu, uliza fundi, muuza duka, mama anayeanika nguo, nani anahama mwezi huu.

Ukipata, nenda mara mbili, ya pili iwe baada ya mvua. Angalia dari kwenye kona, rangi mpya kipande kimoja tu ujue kuna kitu kimefichwa hapo. Fungua bomba. Uliza wapangaji (sio mwenye nyumba!) bili ya umeme mnagawanaje, hapo ndo ugomvi wote ulipo.

Na usitume hela ya nyumba ambayo hujaingia ndani, hata ya "kushikilia". Omba kulipa mwezi kwa mwezi, wakikubali muandikishane, na risiti kila ukilipa.