Kompyuta ya Kipande Kimoja Ikichoka, Ifungue Kwanza

Fundi aliiwasha, akasubiri, akaitazama inavyozunguka, kisha akaizima. "Sheikh wangu, hizi hazitengenezeki," akaniambia. "Kila kitu kimeganda nyuma ya kioo. Tafuta nyengine." Nikaibeba kifuani mpaka nyumbani Malindi, hapa Unguja. Usiku ule ule nikatandika shuka kuukuu juu ya meza, nikailaza kifudifudi, nikaanza kutafuta skrubu. Haya ninayoyaandika leo ninayaandika kwa kompyuta hiyo hiyo.

Ninazungumzia kompyuta ya mezani ya kipande kimoja, ile isiyokuwa na boksi pembeni. Kwetu Unguja utazikuta maofisini, maskulini, mapokezi ya hoteli na kwenye vyumba vya uchapaji na fotokopi. Hazili nafasi, wala hazina msitu wa waya. Zikianza kuchoka huwekwa juu ya kabati, zikafunikwa kitambaa, kisha siku ya kuhama zinatolewa pamoja na vyuma chakavu. Jambo hilo linaniuma, maana nimeshafungua kadhaa na sijakuta hata moja iliyokufa yote. Kilichochoka huwa kitu kimoja au viwili. Kioo, ambacho ndicho chenye thamani kubwa, mara nyingi kizima kabisa.

Ukiifungua utaona kwamba nyingi ya hizi ni laptop iliyosimamishwa. Mazabodi, yaani bodi kuu, ni ndogo, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ni zile fupi za laptop, feni ni bapa, kadi ya waifai ni ya laptop, na hata chaja yake ya nje ni ya volti 19 au 19.5 kama ya laptop. Kilichokosekana ni betri, na hilo lina uzito kwetu. Umeme ukikatika, laptop inaendelea na kazi. Hii inazimika papo hapo, katikati ya kuandika faili. Aliyekuwepo hapa Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokaa gizani miezi mitatu, hahitaji kuhadithiwa habari za umeme. Lakini kompyuta haiuliwi na giza refu. Inauliwa na kule kukatika na kurudi mara tatu kwa jioni moja. Kwa hiyo kabla ya kununua kifaa chochote cha kutia ndani, nunua UPS, ile betri ya nje inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika, hata ndogo. Mimi nilianza na diski, UPS ikafuata baadaye, na nilikosea mpangilio.

Sasa kuifungua. Chomoa chaja, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki ndani uishe. Nyingi zina mguu wenye skrubu mbili au nne. Ukishautoa, kifuniko cha nyuma kinashikiliwa na vibanio vya plastiki pembeni kote. Usitumie bisibisi kuvichokonoa, utavivunja na utakwaruza. Chukua kadi ngumu ya plastiki, ile ya benki iliyokwisha muda inafaa sana, uipitishe taratibu mpaka usikie vibanio vikiachia kimoja kimoja. Skrubu zake zipange juu ya karatasi uliyoichora umbo la kompyuta, kila moja mahali pake, kwa sababu hazilingani urefu. Skrubu ndefu ikitiwa penye tundu fupi inaweza kutoboa mpaka kwenye kioo.

Yangu ilinipa tabu sehemu moja: skrubu tatu zilikuwa zimeota kutu. Nyumba yangu ni ya mawe na chokaa, haiko mbali na bandari, na upepo wa bahari unaingia dirishani mwaka mzima, kaskazi na kusi. Chumvi ile inatulia juu ya kila chuma. Vumbi nalo, likishapata unyevu, haliwi vumbi tena. Linakuwa kama udongo wa kufinyanga, limejaa kwenye mapezi ya kupozea, hewa isipite. Ukilipuliza kwa mdomo unaongeza mate tu. Nililitoa kwa brashi laini ya rangi, kisha nikapitisha spiriti kavu ile ya asilimia 99 kwenye miguu ya viungio iliyokuwa imeanza kuwa ya kijani. Skrubu zenye kutu usizilazimishe. Tafuta bisibisi inayokaa sawasawa, kandamiza kwa nguvu kuliko unavyozungusha, na ukiona kichwa kinaanza kulika, simama. Usipake mafuta ya bawaba karibu na bodi. Yanasambaa na kukusanya vumbi zaidi.

Diski ndiyo ya kubadilisha kwanza. Ukishapata UPS, na fedha iliyobaki ni ya kitu kimoja tu, nunua SSD, yaani diski isiyozunguka, hayo mengine yatasubiri. Yangu ilikuwa na diski ya kuzunguka ya inchi 2.5, ya mizunguko 5,400 kwa dakika, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikinifanya nisubiri dakika nne mpaka kompyuta iwake. Nilitia SSD ya GB 240 ya kiungio cha SATA, inayoingia pale pale ilipotoka ile ya zamani, waya ule ule. Sasa inawaka kabla sijamaliza kuvuta kiti. Prosesa ni ile ile, RAM siku ile ilikuwa ile ile. Ikiwa diski yako ni ya inchi 3.5, SSD itaingia pia, ila itahitaji fremu ya kuishikilia isining'inie. Na kama kompyuta yako ina sehemu ya DVD ambayo huitumii, kuna trei maalumu inayoingia pale na kubeba diski ya pili. Pima unene wake kwanza, kwani zipo za milimita 12.7 na za 9.5, na haziingiliani. Mimi ile diski ya zamani nimeiweka humo, ndimo zilimo picha za familia, na nakala zake ziko kwengine.

RAM ndiyo inayofuata, na hapa watu wengi wanapoteza fedha dukani. Hakikisha aina kabla hujalipa. DDR3 ya laptop ina miguu 204, DDR4 ina 260, na pengo lililo kati ya miguu haliko mahali pamoja, kwa hiyo haitaingia hata ukiibembeleza. Hatari zaidi ni ile inayoingia lakini haifanyi kazi. DDR3 ya kawaida ni ya volti 1.5, na DDR3L ni ya volti 1.35. DDR3L kwa kawaida inakubali kwenye kompyuta ya volti 1.5, lakini kompyuta iliyotengenezwa kwa 1.35 pekee ukiitia ya 1.5 inaweza kukataa kuwaka kabisa. Chomoa ile iliyomo, nenda nayo dukani mfukoni, usome lebo mbili hizo kwa pamoja. Mimi nilikuwa na GB 4, nikaongeza kipande cha GB 8 kwenye nafasi ya pili, na kazi zangu za uhariri na mahesabu zinapita bila kukwama.

Prosesa iache. Nyingi zimechomelewa kwenye bodi, na hata zile zinazotoka, unachokipata hakilingani na gharama na joto utakaloongeza ndani ya kifuniko chembamba. Kitu cha kufanya hapo ni kusafisha pesti ya kupitishia joto iliyokauka juu ya prosesa na kupaka mpya, kiasi cha punje ya mbaazi. Na wakati umeshafungua, badilisha betri ndogo ya CR2032 inayohifadhi saa. Ikifa, kila ukiwasha kompyuta inarudi tarehe ya zamani, na tovuti nyingi zinakataa kufunguka.

Mtaniuliza kuhusu Windows. Msaada wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kuanzia kizazi cha nane kwenda juu. Yangu ni kizazi cha nne. Nimetia Linux Mint, mfumo mwengine wa bure, ambao mahitaji yake ya chini kabisa ni RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ndizo zinazopendekezwa. Mke wangu anaandalia humo mitihani ya skuli, na siku mbili za mwanzo zilitosha kuizoea. Aliye na programu ya kazi isiyokubali ila Windows afikirie upya, sitamdanganya. Lakini kwa kuandika, kuchapa na intaneti, sioni sababu ya kuifukuza kompyuta nyumbani kwa ajili ya tarehe.

Mpaka hapa tunazungumzia kompyuta inayowaka. Je, ile ambayo mazabodi yake imeungua?

Mtoto wa ami yangu ana duka la uchapaji Wete, Pemba. Umeme ulirudi kwa kishindo jioni moja, na kompyuta yake ya kipande kimoja haikuwaka tena. Akanipigia: "Kaka, nikuletee au niitupe?" Nikamwambia ailete kwa boti inayokuja.

Kitu cha kwanza nilichokifanya ni kutazama matundu ya nyuma. Baadhi ya kompyuta hizi zina HDMI mbili, moja ya kutoa picha na moja ya kupokea. Ukikuta iliyoandikwa IN, na sehemu yake ya umeme bado nzima, unaweza kuchomeka laptop hapo na kioo kikawa kioo cha kawaida, hata skrubu hujagusa. Wenye iMac, zile za kipande kimoja za Apple, nao wana njia yao: zile za inchi 27 za 2009 na 2010 zinapokea picha kwa tundu la Mini DisplayPort, na za 2011 hadi katikati ya 2014 kwa tundu la Thunderbolt, kutoka Mac nyengine yenye mfumo usiozidi macOS Catalina. Zile za 5K zilizoanza 2014 hazina uwezo huo. Na kwenye iMac tahadhari moja: chombo cha umeme kiko ndani, si chaja ya nje, na kapasita zake zinashika umeme hata baada ya kuchomoa. Asiye mzoefu asiziguse.

Ya Wete haikuwa na tundu la kupokea. Ikabaki njia ya kukitoa kioo na kukitafutia bodi ya kukiendesha. Nyuma ya kila kioo kuna lebo yenye namba yake. Hiki kilikuwa LM215WF3, yaani kioo cha LG cha inchi 21.5, nukta 1920 kwa 1080. Namba ile nzima, pamoja na herufi zinazofuata, ndiyo unayompa muuzaji wa bodi. Ukimwambia "ya inchi 21" tu atakuletea isiyoingia, maana vioo vya zamani vinatumia kiungio cha LVDS na vingi vipya vinatumia eDP. Niliagiza mtandaoni ikiwa na waya wake bapa na vitufe vidogo vya kuwashia na kuongeza mwanga.

Kuna mambo mawili yanayoua kioo hapa, na ninayasema kwa msisitizo kwa sababu nusura nifanye moja. Bodi hizi kwa kawaida zinataka volti 12, na chaja ya kompyuta ile ilikuwa ya volti 19.5 ikiwa na kichwa kilichoingia vizuri kabisa. Nilikuwa nimeshaishika mkononi. Jengine ni kijiti kidogo juu ya bodi cha kuchagulia umeme wa kioo: volti 3.3, 5 au 12. Vioo vya laptop mara nyingi ni 3.3, vya inchi 21.5 kama hiki ni 5. Kijiti kikikaa kwenye 12, kioo kinaungua mara moja na hakirudi. Soma karatasi ya maelezo ya kioo, kisha pima kwa mita kabla ya kuunganisha waya bapa.

Nilipowasha, taa ya nyuma ya kioo ikawaka lakini picha ilikuwa nyeupe nyeupe, nyuso za watu kama sanamu za nta. Kumbe programu ya bodi ilikuwa imewekwa kwa kioo cha aina nyengine. Muuzaji alinitumia faili sahihi, nikaitia kwa USB, picha ikakaa sawa.

Vilivyobaki havikutupwa. RAM zake zilikuwa DDR3L, zikaingia kwenye laptop yake ya dukani, ambayo kioo chake kimepasuka na sasa ndiyo inayoendesha kioo hiki kwa HDMI. Diski nimeitia kwenye kasha la USB, na kazi za wateja wake zote zilikuwamo salama. Mazabodi tu ndiyo iliyokufa.

Nikakifunga kioo ndani ya kifuniko chake cha zamani, bodi mpya nikaiweka juu ya plastiki isigusane na chuma, nikakizungushia mablanketi mawili kwa safari ya boti. Mgongoni nimeandika kwa wino mweusi mkubwa: VOLTI 12 TU. Ile chaja ya 19.5 nimebaki nayo mimi huku Malindi, ndani ya droo, mbali na duka lake.